Kapu la Dawa za Baba Mkubwa

Watu wengi wanaokuja dirishani kwangu kuulizia dawa ya kusahau huja na jina tayari. Wamelipata kwa mtoto aliye Uingereza, kwa jirani, au kwenye ujumbe wa sauti uliozunguka kundi la WhatsApp la ukoo. "Donepezili ipo?" Nami badala ya kusema ipo au haipo, naanza kuuliza: anayeumwa ni nani, ana umri gani, anatumia dawa gani nyingine, na mara ya mwisho alipimwa lini mapigo ya moyo. Bwana mmoja alinikatisha, akasema amekuja duka la dawa, hakuja kituo cha polisi.

Simlaumu. Ukiwa na mama anayewasha jiko kisha akalisahau, maswali ya mfamasia yanachosha. Lakini miaka niliyokaa nyuma ya dirisha hilo hapa Tanga imenifunza kwamba dawa ya kusahau haichaguliwi kwa kuangalia usahaulifu peke yake. Moyo wa mgonjwa una kauli, figo zina kauli, kifua na tumbo vina kauli, na zile dawa nyingine alizokwisha kupewa zina kauli kubwa kuliko zote. Chuoni tulifundishwa hivyo, na mtihani nikaujibu vizuri. Kulielewa jambo lenyewe, nililielewa kwa Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa alikuwa karani wa reli Korogwe, enzi za treni za abiria za kwenda Moshi. Mtu wa hesabu. Hata baada ya kustaafu aliweka daftari la matumizi ya nyumba, na fundi aliyejaribu kudai zaidi ya walivyopatana alifunguliwa daftari akasomewa tarehe. Daftari hilo lilipoanza kuandikwa deni moja mara mbili, Mama Mkubwa alinyamaza. Lakini mzee alipoanza kuulizia mbona kaka yake haji kumsalimia, na huyo kaka sote tulimzika, akanipigia simu.

"Mwanangu, baba yako anapotea mbele ya macho yangu. Njoo na hiyo dawa yenu ya kumbukumbu."

Nilikwenda mikono mitupu. Nilimwomba Mama Mkubwa anitolee kila kidonge kilichomo ndani ya nyumba ile, cha hospitali na cha dukani, hata vilivyopitwa na wakati. Akatandika mkeka sebuleni, akaja na kapu la ukindu, lile la kwendea sokoni, limejaa. Nikaanza kupanga mafungu.

Fungu la kwanza lilitoka kliniki: atenololi ya presha, glibenklamidi na metformini za sukari. La pili lilitoka kwa daktari mwingine aliyemwona kwa ganzi na miguu kuwaka moto. Huyo alimpa amitriptilini, nayo ilikuwa ndani ya bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu, "1 usiku". La tatu lilitoka duka la dawa muhimu pale mtaani: diklofenaki ya magoti, kimoja asubuhi kimoja jioni, tangu zamani ambazo Mama Mkubwa hakuweza kuzitaja. Halafu kulikuwa na furosemidi, kwa sababu miguu ilivimba. Na chini kabisa ya kapu nikakuta vipande vya Piriton, vile vidonge vidogo vya njano, vimekatwakatwa kwa mkasi.

"Na hivi ni vya nini, Mama?"

"Vya usingizi. Baba yako halali. Anaamka kukojoa mara nne, mara tano, akirudi kitandani macho makavu. Binti wa dukani akanambia hivyo vya mafua vinalaza."

Pale mkekani mnyororo wote ukajionyesha. Diklofenaki huzuia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha, huumiza figo na huvimbisha miguu. Uvimbe wa miguu ukaleta furosemidi. Furosemidi, tena ikinywewa jioni, ikaleta safari za msalani. Safari za msalani zikaua usingizi, na usingizi ukatafutiwa Piriton. Piriton nayo, kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyotanuka, hukaza mkojo. Kibofu hakiishi, kwa hiyo anaamka zaidi. Kila pingili ya mnyororo ule iliungwa na mtu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga. Kila mmoja alitibu alichoonyeshwa. Watafiti wawili wa tiba ya wazee, Paula Rochon na Jerry Gurwitz, waliieleza hali hii katika miaka ya 1990: madhara ya dawa ya kwanza huonekana kama ugonjwa mpya, ugonjwa mpya hupewa dawa ya pili, na mzee anaendelea kujazwa.

Kilichonitisha zaidi ni ile Piriton kukaa kapu moja na amitriptilini. Seli za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu hupelekeana habari kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ule aliouelezea daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, seli zinazotengeneza kemikali hiyo hufa taratibu. Donepezili, rivastigmini na galantamini hazirudishi seli zilizokufa. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachoivunjavunja ile asetilikolini kidogo iliyobaki, ili ikae muda mrefu zaidi. Sasa Piriton, amitriptilini, promethazini, dawa kadhaa za kuzuia mkojo na baadhi ya dawa za tumbo la kukaza huziba mahali penyewe ambapo asetilikolini inapaswa kupokewa. Ukimpa mzee donepezili juu ya dawa hizo, umepakia wapiga kasia wawili mtumbwi mmoja, mmoja anavuta mbele na mwingine anavuta nyuma. Mtumbwi hauendi kokote ila abiria anachoka. Na kama dawa hizo ndizo zilizomvuruga akili tangu mwanzo, basi hata hiyo donepezili hakuhitaji.

Daktari wa Marekani, Mark Beers, alichapisha mwaka 1991 orodha ya dawa zinazofaa kuepukwa kwa wazee. Leo orodha hiyo huhuishwa na Chama cha Tiba ya Wazee cha Marekani, kama ilivyofanyika mwaka 2023. Ireland nao wakatoa vigezo vyao mwaka 2008, vyenye sehemu mbili: dawa za kusimamisha, na dawa ambazo mzee alistahili kupewa akasahauliwa. Kapu la Baba Mkubwa lingegusa orodha zote mbili karibu kila fungu. Hata glibenklamidi yake ilikuwamo. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na huweza kushusha sukari ya mzee hadi akaanza kuropoka, kutokwa jasho na kutojua alipo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba haifai kwa mtu aliyezidi miaka 60. Nilipomuuliza Mama Mkubwa ni saa ngapi mzee huchanganyikiwa zaidi, alijibu bila kufikiri: asubuhi kabla ya chai, na mwezi wa Ramadhani ni alasiri, maana amekataa katakata kuacha kufunga.

Kusimamisha dawa si kazi ya kumalizia mkekani. Atenololi ikikatwa ghafla moyo unaweza kwenda mbio na hata kupata shambulio. Amitriptilini nayo huteremshwa taratibu. Nilichoondoa siku ile ile ni Piriton na diklofenaki, parasetamoli ikashika nafasi ya magoti. Mengine niliyaandika kwenye karatasi, tukaenda nayo kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Mabingwa wa magonjwa ya wazee katika nchi yetu ni wachache mno, na ukisubiri umpate utasubiri sana.

"Shikamoo mzee," alisema daktari.

"Marahaba. Wewe binti wa nani?"

Akamtajia jina la baba yake. Baada ya dakika chache mzee akauliza tena, kwa adabu ile ile, na daktari akajibu tena kwa adabu ile ile, bila kututazama sisi. Nilimpenda hapo hapo.

Jambo la pili alilofanya lilikuwa kumshika Baba Mkubwa kifundo cha mkono na kukodolea macho saa ya ukutani dakika nzima. Si nusu dakika ukazidisha kwa mbili. Mapigo yalikuwa 48. Akauliza kama mzee amewahi kuanguka. Mama Mkubwa akasita, kisha akasema ndiyo, msalani, usiku, na hawakumwambia mtu kwa sababu walidhani ameteleza.

Donepezili na wenzake huongeza nguvu ya mshipa wa fahamu unaoutuliza moyo, kwa hiyo mapigo hupungua. Kwa moyo mzima si neno. Kwa moyo ambao tayari umepunguzwa kasi na atenololi, au ambao njia zake za umeme zimechakaa, mtu anaweza kuzirai na kuvunjika nyonga. Mwaka 2009 watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia maelfu ya wazee wenye dimensia. Waliokuwa wakitumia dawa hizi walifikishwa hospitali kwa kuzirai karibu mara 1.8 ya wale wasiozitumia. Kuvunjika nyonga kulizidi kwa asilimia 18, na waliowekewa mashine ya kusukuma moyo walikuwa wengi zaidi pia. Sasa fikiria nyumba ambamo kuanguka kwa mzee ni siri ya aibu, na anayeandika dawa hakuuliza.

Kisha daktari akashughulika na figo. Karatasi ya maabara ilionyesha kreatinini 106, na pembeni mashine imechapisha kwamba hiyo ni kawaida. Wengi wangeishia hapo. Yeye alichukua kalamu: 140 ukitoa umri wa miaka 78 unapata 62, mara uzito wa kilo 52, mara 1.23 kwa kuwa ni mwanamume. Gawa kwa 106. Jibu likawa 37 hivi, yaani figo za Baba Mkubwa zinachuja mililita 37 kwa dakika, na za kijana mwenye afya huchuja kama 100 au zaidi. Hesabu hiyo ipo tangu miaka ya 1970, haihitaji mashine, na bado ni nadra kuiona imefanywa kwenye faili la mzee mwembamba. Mwili wenye nyama kidogo hutengeneza kreatinini kidogo, kwa hiyo damu yake inaonekana safi wakati kichujio kimechoka.

Na hapo ndipo mapigo 48 yakapata maelezo. Atenololi hutoka mwilini kwa figo. Figo zinapopungua uwezo, kipimo kile kile alichoandikiwa miaka ya nyuma kinageuka kuwa kikubwa bila mtu yeyote kukiongeza.

Walichukua damu kwa mambo mengine: homoni ya tezi ya shingo, kaswende, virusi vya UKIMWI, na vitamini B12, ambayo metformini ya miaka mingi huweza kuipunguza na upungufu wake huvuruga kumbukumbu na kuleta ganzi miguuni. Ya kwake ilikuwa chini. Kumbe ule moto wa miguu uliopewa amitriptilini huenda ulikuwa na sababu mbili. Picha ya kichwa ilipigwa ili kuona kama kuanguka kulivujisha damu. Haikuwapo, ila vilionekana vidonda vidogo vya zamani vya mishipa ya damu, alama ya presha ya miaka mingi.

Kipimo cha akili kilinivutia, maana nilizoea kuona wazee wetu wakipewa maswali yaliyotungwa kwa watu wa kwingine, mchoro wa saa na kuandika sentensi, hata kama mzee hakushika kalamu maisha yake yote. Daktari alitumia kipimo kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, na watafiti wa Tanzania na Uingereza kwa ajili ya watu wenye elimu ndogo au wasio nayo kabisa. Kuna kutaja wanyama, kuna kukumbuka orodha ya maneno, na kuna njiti za kiberiti: daktari anapanga umbo, mgonjwa analipanga la kwake kwa kuliiga. Baba Mkubwa, karani wa reli, alizishika zile njiti akazigeuzageuza, akapanga mbili, akamtazama mkewe. Ni huko Hai pia ambako utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya kila wazee 100 wa miaka 70 na kuendelea, 6 hivi walikuwa na dimensia. Wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu wasome hapo.

Kwa wiki kadhaa kazi yetu ilikuwa kupunguza. Furosemidi iliondolewa, atenololi iliteremshwa polepole na amlodipini ikaingia badala yake, nami nikamwonya Mama Mkubwa mapema kwamba amlodipini nayo huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, asije mtu akairudisha furosemidi kwa sababu hiyo. Glibenklamidi ikabadilishwa kuwa gliklazidi kwa kipimo kidogo, metformini ikapunguzwa kulingana na figo, sindano za B12 zikaanza, amitriptilini ikaisha. Mzee akaanza kulala. Mapigo yakapanda hadi 64. Akaacha kumuulizia kaka yake. Siku moja akaniuliza bei ya korosho mwaka huu, na nilipomjibu akasema nimedanganywa.

Kuna jamaa waliotangaza kwamba amepona. Hakupona. Daftari lilibaki na makosa, njia ya kurudi nyumbani kutoka msikitini bado ilimpotea, na njiti za kiberiti bado zilimshinda. Daktari akasema huu ni Alzheimer uliochanganyika na ule wa mishipa ya damu, na sasa, baada ya kapu kusafishwa, ndiyo wakati wa kuzungumzia dawa ya kumbukumbu.

Mazungumzo yale nayakumbuka kwa sababu daktari hakutuuzia matumaini. Alisema katika majaribio mengi donepezili huleta nafuu, baada ya miezi sita, ya chini ya pointi 3 kwenye mizani ya pointi 70. Wengine hunufaika kuliko hapo, wengine hawanufaiki kabisa, na huwezi kujua kabla ya kujaribu. Ugonjwa wenyewe unaendelea chini kwa chini. Mama Mkubwa akauliza, "Sasa ni ya nini?" Daktari akamjibu kwamba kwa anayenufaika inaweza kuwa ni miezi ya kuvaa kanzu mwenyewe na kula bila kulishwa. Mama Mkubwa akasema hiyo anaitaka.

Ikabaki kuchagua ipi. Galantamini ilikwama kwenye figo. Kwa uwezo kama wake ina ukomo wa kipimo, na ikifika chini zaidi haitumiki kabisa. Rivastigmini ya kibandiko ilikuwa na mvuto, maana haichoshi tumbo kama vidonge vyake na haigombani sana na dawa nyingine kwenye ini. Binamu yangu aliye Muscat alikuwa tayari kuituma kwa kila anayesafiri. Tatizo likawa hilo hilo la kutegemea wasafiri. Rivastigmini ikikatika zaidi ya siku tatu, hurudii kipimo ulichofikia. Unaanza upya kutoka chini, la sivyo mgonjwa anatapika vibaya. Tena kibandiko cha jana lazima kibanduliwe kabla ya kubandika cha leo. Wapo waliobandikwa kimoja juu ya kingine mgongoni hadi wakazidiwa na dawa, na Mama Mkubwa macho yake yana mtoto wa jicho. Memantini, inayofanya kazi kwa njia tofauti na haigusi sana mapigo wala vidonda vya tumbo, daktari aliiweka akiba kwa hatua ya mbele ya ugonjwa. Nayo ina sharti la figo: uwezo ukishuka chini ya 30, kipimo cha juu hukatwa nusu.

Ikawa donepezili miligramu 5, asubuhi. Haihitaji figo imara, inamezwa mara moja kwa siku, na inakaa mwilini muda mrefu kiasi kwamba siku moja ikikosekana haileti balaa. Wengi huandikiwa usiku, lakini huleta ndoto kali kwa baadhi ya watu, na nyumba ile ilikuwa ndiyo kwanza imepata usingizi. Mwezi wa kwanza alihara kidogo na hamu ya kula ikapungua. Kwa mtu wa kilo 52 hilo si dogo, kwa hiyo tulimpima uzito mara kwa mara, na daktari hakumpandisha kwenda miligramu 10. Angekuwa na pumu, au kidonda cha tumbo kinachovuja, au umeme wa moyo wenye hitilafu, nadhani tungetoka pale na jibu jingine kabisa, kwa ugonjwa ule ule wa kusahau.

Kuna kundi moja la dawa ambalo siwezi kulipita, ingawa Baba Mkubwa hakulihitaji. Zamani, nikiwa kijana kwenye hospitali moja ya mkoa mwingine, aliletwa bibi aliyekuwa akiona watoto wadogo wamekaa miguuni pa kitanda chake. Hawakumtisha, aliagiza wapewe uji. Mwendo wake ulikuwa mzito na mikono ikitetemeka kidogo. Waliompokea wakaona ni kichaa, akachomwa haloperidoli. Kesho yake alikuwa amekakamaa kama gogo, hamezi, hageuki. Baadaye daktari mgeni aliyepita wodini alisema dalili zile ni za dimensia ya Lewy, iliyopewa jina la Friedrich Lewy aliyeona chembe zake kwenye ubongo mwaka 1912. Wagonjwa wa aina hiyo haloperidoli na jamaa zake huwaumiza vibaya mno. Rivastigmini, kinyume chake, mara nyingi huwasaidia, hata yale maono hupungua. Bibi yule alirudi nyumbani akiwa hai, lakini hakutembea tena peke yake.

Hata kwa Alzheimer wa kawaida, dawa za kutuliza za jamii hiyo zina bei yake. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikusanya majaribio 17 ya zile mpya za kundi hilo: katika wiki kama 10, waliokufa walikuwa asilimia 4.5 ya waliopewa dawa na asilimia 2.6 ya waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 2008 onyo likapanuliwa hadi kwa zile za zamani. Kuna nyakati hazikwepeki, mzee akiwa anapiga watu au anajidhuru, na Uingereza risperidoni imeruhusiwa kwa muda usiozidi wiki 6 katika hali ya namna hiyo. Lakini kumpa mzee kwa sababu tu anazungukazunguka usiku na familia inataka kulala, hapana. Angalia kwanza kama amefunga choo siku kadhaa, kama mkojo unamchoma, kama ana malaria au homa ya mapafu, kama jino linauma. Mzee aliyebadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, ana jambo jipya mwilini. Dimensia haiji kwa kishindo hivyo.

Kuhusu dawa mpya za sindano, kama lecanemab iliyopata kibali kamili Marekani mwaka 2023, binamu wa Muscat aliniuliza nami nilimjibu kwa ufupi. Ni za hatua za awali tu, zinadai picha za MRI za mara kwa mara, na huweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu, hatari inayokua kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa ubongo wenye vidonda vya mishipa kama ule wa mzee wetu, hazikuwa mjadala. Na vile vidonge vya ginkgo vinavyouzwa mitandaoni kwa jina la kuongeza kumbukumbu, jaribio kubwa la Marekani lililotolewa mwaka 2008, lenye wazee zaidi ya 3,000, halikuona vikizuia dimensia. Anayetumia warfarini asiviguse.

Baba Mkubwa bado anameza miligramu zake 5. Anavaa kanzu mwenyewe, vifungo anasaidiwa. Ukutani kwao pana karatasi niliyoiandika kwa kalamu nene: mapigo yakishuka chini ya 50, au akizirai, au akitapika na kukataa chakula, apigiwe simu daktari kabla ya kidonge kinachofuata. Mama Mkubwa amejifunza kuhesabu mapigo kwa saa ya simu, na huwahesabia hata wageni.

Kwa hiyo ukimpeleka mzee wako kliniki, beba kila dawa iliyomo ndani, hata ile ya mafua na ile aliyoazimwa na jirani. Sema kama ameanguka, usione haya. Omba ahesabiwe mapigo dakika nzima na figo zake zifanyiwe hesabu kwa umri na uzito wake. Na akiandikiwa dawa ya kusahau, usitoke chumbani kabla hujaambiwa tarehe ambayo itatazamwa tena kama inasaidia au iachwe. Iandike tarehe hiyo kwenye daftari lake.